Nataka kuandikia katuni lakini sijui kuchora. Kwa hapa Dar naanzia wapi?

binti_steshenari

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mwenge, nauza duka la steshenari. Natoa kopi, nakata picha za paspoti, nachapa ripoti za wanachuo. Kuna waongozaji wa Bongo Movie wawili watatu huwa wananiletea hadithi zao zikiwa kwenye kauntabuku, kalamu ya bluu, mimi nazichapa na kuzipanga zikae kama skripti. Hapo ndipo nilipojifunzia. Wakati nachapa naona kabisa huyu kajaza maneno, hili tukio halina kazi, lakini nanyamaza, si nalipwa kwa ukurasa.

Sasa na mimi ninayo yangu, na ni katuni. Inahusu kunguru wa soko la samaki Feri, anaitwa Keu, anaogopa samaki. Filamu nzima, kurasa 90, nimeshaimaliza. Kila ninayemwambia ananiuliza "unachorea programu gani?" Nikisema sichori, mazungumzo yanaishia hapo.

Maswali yangu: mtu anaweza kuwa mwandishi wa katuni bila kujua kuchora? Skripti inapelekwa wapi? Na nikimwonyesha mtu wazo langu akaliiba je?

Nabandika mwanzo wake. Semeni ukweli, sitanuna.

NJE. SOKO LA SAMAKI FERI – ASUBUHI
Mvua inanyesha. Mamia ya watu wanasukumana mnadani. Mawimbi yanapiga ukuta. Wauzaji, wanunuzi, mama lishe, wanaopara samaki, wabeba mizigo, kila mtu na shughuli yake. Juu ya paa amekaa KEU, anawaza jinsi mama yake alivyofariki kwa kukabwa na mwiba wa samaki.
KEU: Maisha ni magumu sana kwa kunguru kama mimi. Tangu mama afariki nimekuwa nikiogopa samaki. Sijui leo nitakula nini.

mkata_mirija

Dada, katuni nchi hii ni za watoto wa chekechea. Andika tamthilia za kwenye ving'amuzi, huko angalau unaona hela. Kunguru anaogopa samaki, nani atakaa aangalie?

fundi_fremu

Mimi ningekaa. Tatizo langu ni kwamba mimi pia ndiye nitakayepewa hiyo karatasi niichore, na nikiisoma naanza kupiga hesabu.

Nafanya animesheni, nipo Sinza. Twende mstari kwa mstari.

"Mamia ya watu wanasukumana." Mwenye kamera anaenda Feri alfajiri, watu anawakuta wamejaa, wanasukumana wenyewe. Mimi hakuna ninayemkuta. Kila mmoja wa hao mamia lazima nimbuni, nimpake rangi, nimsogeze. Hata ndoo iliyopinduka pembeni ni kazi ya mtu.

"Mvua inanyesha." Matone si shida. Shida ni watu waliolowa, bati linalong'aa, maji yanayotiririka kwenye mfereji. Na "mawimbi yanapiga ukuta" ndiyo baba lao, maji ni adui wa kila mchoraji. Sentensi yako ya maneno matatu inanila wiki.

"Anawaza jinsi mama yake alivyofariki." Hii nachoraje? Nitachora kunguru amekaa. Mtazamaji ataona kunguru amekaa.

Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Tukichora kwa mkono huku tunabana matumizi, mchoro mmoja unashika fremu mbili, kwa hiyo michoro 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika, na hapo ni mhusika mmoja tu. Ndiyo maana wengi wetu hapa mjini tunamjenga mhusika kwa vipande: kichwa peke yake, mabawa peke yake, miguu, mdomo wa kila sauti. Tunaviunganisha kwenye kompyuta, tunamchezesha. Keu akishajengwa mara moja anatumika mfululizo mzima. Ila ukiamua kipindi cha tatu kavaa koti, umenijengesha Keu mwingine.

La kukupa moyo: mnyama umemchagua vizuri. Mweusi, shingo ya kijivu, umbo lake unalijua hata ukiona kivuli. Kundi la kunguru 30 kwangu ni kunguru mmoja niliyemnakili. Ungeniletea pundamilia ningejifanya sijaona uzi.

mwandishi_temeke

Binti, karibu ukumbini. Naandika katuni, ndiyo kazi inayolipa kodi ya nyumba yangu hapa Temeke, na kikombe sijui kukichora. Swali la kwanza limekwisha.

La pili ni refu. Wengi wanauliza "skripti inapelekwa wapi" utadhani kuna dirisha mahali limeandikwa MAPOKEZI YA SKRIPTI. Halipo. Hapa Dar hakuna studio iliyokaa inasubiri filamu ya kurasa 90 ya mtu isiyemjua. Huko nje nako, studio kubwa nyingi hazisomi kazi ambayo haikupitia kwa wakala, wanaogopa kesi za "mmeniibia". Katuni ya hapa inaanzia kwa mwenye hela, na mwenye hela wetu mara nyingi ni mradi. Malaria. Kunawa mikono. Wasichana wabaki shule. Benki inataka watu waweke akiba. Hata katuni zilizoutangaza mji huu kuliko zote, za Ubongo, zilipoanza kuonekana TBC1 mwaka 2014 zilikuwa zinafundisha hesabu kwa nyimbo, na zile za mhusika wao Akili zimelengwa kwa watoto wa chekechea, herufi na namba na kujua hisia zako. Somo limo ndani. Sisemi kwa kudharau, zile zimeandikwa kwa akili sana. Nasema kwa sababu mwandishi wa Dar anayelionea kinyaa somo atabaki na kunguru wake kabatini.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni mtu ambaye ukimpa somo, tena lile kavu kabisa, anakurudishia kisa ambacho mtoto angekiangalia hata kama somo halimhusu.

Nikupe mfano wa kweli. Nililetewa karatasi ya mteja, mradi wa vyandarua, dakika 3. Karatasi inataka haya yote yawemo: mbu wa malaria anauma usiku; chandarua kichomekwe chini ya godoro; kisitumike kuvulia samaki wala kufugia kuku; mjamzito na mtoto mchanga walale ndani yake kila siku; ukiona homa nenda zahanati ukapime; usinywe dawa kwa kubahatisha; baba naye ashiriki. Halafu mwishoni nembo za wafadhili wote, na walikuwa wengi. Dakika 3.

Anayeanza huwa anafanya hivi: anamchukua mhusika anaitwa Daktari, anamsimamisha mbele ya kina mama, Daktari anamwaga karatasi yote. Mteja anapiga makofi. Mtoto ameshatoka nje zamani.

Mimi niliandika mbu wawili, mama na binti yake (wa kiume hawaumi watu, hiyo nayo mtoto anaipata bure). Leo ni usiku wa kwanza wa binti kwenda kazini na mama yake. Mama anajisifu, nyumba hii naijua, humu tunakula mpaka asubuhi. Kitanda cha kwanza, chandarua kimechomekwa. Cha pili, kimechomekwa. Mama anaanza kutoa visingizio. Cha tatu: hakina chandarua, mtu kalala wazi. Binti anauliza cha huyu kiko wapi? Tunakatisha kwenda uani: kuku sita wamelala ndani ya chandarua, salama kabisa. Mama mbu anawatazama kuku, anamtazama mwanadamu, machozi ya furaha yanamtoka. Mwisho.

Hakuna aliyesema "tumia chandarua". Mtoto akienda nyumbani ataenda kuangalia uani kwao.

Homa na zahanati nilimwomba mteja avipeleke kipindi kingine. Akakataa. Nikatoa simu, nikaweka saa, nikamsomea kwa sauti ya kawaida kila kitu alichotaka kisemwe, bila kisa chochote. Dakika 3 ziliisha kabla hatujamfikia baba. Akakubali. Nembo zilibaki zote, kwenye nembo usishindane na mtu.

Kukaa na mteja namna hiyo, bila kumdhalilisha na bila kumwachia aue kisa, ni nusu ya hii kazi, na sijaona kozi inayoifundisha.

Sasa Keu. Zile kurasa 90 ziweke, usizitupe, zitakulisha miaka. Lakini toa humo kisa kimoja cha dakika 2. Televisheni ya watoto inapenda dakika 11 (kurasa 15 mpaka 18 hivi, kipindi cha nusu saa mara nyingi ni visa viwili vya hivyo), ila wewe hujulikani, na anayekuajiri anataka kuona jambo moja: unaweza kuanza na kumaliza kitu kidogo kinachochoreka? Dakika 2 fundi_fremu anaweza kuzifanya usiku akimaliza kazi za wateja. Filamu ya dakika 90 hawezi hata akikupenda vipi.

Nimechezea ukurasa wako:

NJE. PAA LA BATI, FERI – ASUBUHI
Bati tupu na anga. Chini, hatupaoni: kelele za mnada, bei zinapandishwa.
Kichwa cha KEU kinachomoza polepole nyuma ya mgongo wa paa. Anachungulia chini. Anameza mate.
Kichwa cha samaki kinarushwa kutoka chini, kinatua mbele yake. PA!
Keu hayupo. Unyoya mmoja unaelea hewani.
Kimya. Mdomo wa Keu unachomoza tena, umeshika kijiti. Anakigusa kichwa cha samaki kwa kijiti. Kinabingirika kidogo kuelekea kwake.
Keu hayupo. Manyoya mawili.

Umati wako upo, tunausikia, na fundi hajachora hata mtu mmoja. Hofu ya Keu ipo, na hajafungua mdomo. Ukifika wakati wa kuongea, ongea, lakini kumbuka sauti inarekodiwa kabla ya kuchora, midomo inafuata sauti. Sentensi ukiibadilisha baada ya hapo, kuna mtu anarudia kazi yake.

Shule ya bure unayo mjini: pita kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, uulizie magazeti ya katuni ya Sani ya zamani. Ndumilakuwili na Madenge hawakuwa na nafasi ya hotuba. Picha chache, ukurasa umeisha, umecheka. Angalia pia Kipanya wa Masoud Kipanya anavyobeba habari nzima ya siku kwenye picha moja. Hesabu maneno yao, halafu hesabu ya kwako.

mkata_mirija

Hayo yote siku hizi AI inaandika kwa sekunde kumi.

fundi_fremu

Nimeijaribu. Iliniandikia umati wa watu sokoni kwenye mvua.

wakili_mtaani

Nijibu la wizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo. "Kunguru anayeogopa samaki" ni wazo, kesho mtu mwingine anaweza kuandika wa kwake na usimfanye kitu. Kinacholindwa ni namna wewe ulivyoliandika: matukio yako, maneno yako. Na haki hiyo unayo tangu ulipoandika, haisubiri mhuri. Kwenda kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi wa kushika mkononi ukitokea ubishi, kwa hiyo kasajili, ila usiifanye sababu ya kutomwonyesha mtu yeyote mpaka uzeeke nayo.

Kinachowaumiza waandishi hapa ni mikataba zaidi ya wizi. Kazi ya kuagizwa, kama ile ya vyandarua, soma kama haki zote zinakwenda kwa mteja, na mara nyingi zinakwenda. Ndiyo biashara yenyewe, ilimradi umeuza ukijua. Lakini Keu ni wako. Kabla fundi_fremu hajachora hata jicho, andikianeni karatasi: hadithi ni ya nani, michoro ni ya nani, ikipatikana hela inagawanywaje, na mmoja akichoka nini kinafuata. Ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida, mashahidi wawili. Urafiki wenu bado mzima, ndio wakati wa kuandika.

binti_steshenari

Nimesoma yote nikiwa dukani, kuna mteja kasimama na flashi yake ananikodolea macho. Ahsanteni sana.

Mwandishi_temeke, ile ya unyoya nimecheka peke yangu. Lakini kifo cha mama yake sikitoi. Bila mama, Keu ni kunguru mwoga tu, kichekesho. Mimi sikuandika kichekesho.

Na maswali mawili: malipo yakoje, na hizi studio za nje ni ndoto kabisa? Kuna yule Mzambia nimesoma habari zake.

mwandishi_temeke

Vizuri, bishana. Mwandishi asiyebishia kitu chake hafai hata kuandikia tangazo la sabuni. Mama abaki. Nilichosema ni kwamba hatumwoni akiwazwa. Unao mwiba, utumie. Keu ana mwiba mkavu wa samaki pale juu ya paa, ameuweka pembeni kabisa, anaukwepa akipita, lakini upepo ukitaka kuuangusha anaukimbilia na kuurudisha mahali pake. Mtazamaji atajiuliza anauogopa, kwa nini asiuache uanguke? Ukifika muda wako, picha moja tu: kiota, mwiba, kiota bila mama. Fundi atakuchorea hiyo bila kulalamika, vitu vitatu havisogei.

Malipo. Ni kwa kipande, si mshahara, isipokuwa ukiajiriwa kabisa ndani ya studio. Bei zinapishana sana kutokana na nani analipa, kwa hiyo sitaki kukutajia kiasi ukakikariri. Kinachofanana ni utaratibu. Nusu kabla hujaanza, nusu ukikabidhi. Mkataba uonyeshe hatua: kwanza wazo kwa aya moja, mteja akubali, halafu mtiririko wa matukio, akubali, ndipo skripti. Usiruke hatua hata mteja akikuambia ana haraka, hasa akiwa na haraka. Na masahihisho yawe na idadi. Mimi naandika mawili, la tatu linalipiwa. Rafiki yangu aliandikiwa "masahihisho madogo madogo" na ofisi moja hapa mjini. Walikuwa wanabadilisha mwisho wa hadithi kila bosi mpya akisoma, na kila badiliko likaitwa dogo.

Kama hujawahi kulipwa kabisa, watakuomba jaribio: kurasa mbili tatu za wahusika wao. Sawa, fanya. Wakikuomba kipindi kizima cha majaribio, bure, hapo wanatafuta kipindi, si mwandishi.

Nje si ndoto, ila ni mwendo mrefu, na ukiutazama vizuri habari ya huyo Mzambia inakuhusu kuliko unavyodhani. Ni Malenga Mulendema, wa Lusaka. Mwaka 2015 studio ya katuni ya Triggerfish ya Afrika Kusini ilifungua shindano la hadithi kwa bara zima, Disney wakiunga mkono, na yeye akawa mmoja wa wanane waliochaguliwa. Alikuja na wazo la wasichana wa shule mashujaa ndani ya Lusaka ya baadaye. Muonekano wa wahusika ulibuniwa na mtu mwingine, Malcolm Wope wa Kamerun. Mfululizo ulionekana Netflix mwaka 2023. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Katikati hapo ni kuandika upya, na upya tena, chumbani na waandishi wengine.

Mwaka huohuo 2023 Disney+ walitoa mkusanyiko unaoitwa Kizazi Moto, filamu fupi 10, waongozaji wa Zimbabwe, Uganda, Afrika Kusini, Nigeria, Kenya na Misri. Jina la kwetu, sisi hatumo. Nilikasirika siku mbili, halafu nikajiuliza: wangeomba sampuli ya filamu fupi kutoka Dar, isiyo ya mradi, iliyokamilika, ningewapa ipi? Ndiyo maana nakusukuma kwenye hizo dakika 2. Uganda walikuwa na Raymond Malinga, na kabla ya hapo yeye na studio yake ya Kampala walikuwa wameshamaliza filamu fupi yao wenyewe, watu wameiona.

Milango mingine kwa haraka: Triggerfish wana mafunzo ya bure mtandaoni, Triggerfish Academy, yanaeleza kila kazi iliyopo studio, uandishi ukiwemo. Blender, programu ya kufanyia animesheni, ni bure kama unataka kuelewa fundi anapata tabu gani. Annecy kule Ufaransa, kila Juni, kuna tamasha na soko ambako watu wanauza miradi ya katuni. Fuatilia tangazo la nafasi kwa Waafrika. Usilipie kozi ya mtu anayekuahidi kazi Hollywood.

Na jambo la mwisho kuhusu Keu, maana nimelala nalo. Umesema hukuandika kichekesho, na mimi nimekuambia Dar hela iko kwenye somo. Somo unalo tayari, hujaliona. Hao kunguru si wa hapa, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, wakazaliana, wakavuka mpaka huku. Wako Feri kwa sababu ya utumbo na vichwa vya samaki tunavyotupa. Kunguru anayeogopa samaki ni kunguru pekee sokoni anayetazama takataka badala ya kuzila. Kuna mradi wa usafi wa fukwe mahali fulani wenye hela na hauna hadithi. Andika kipindi kimoja cha Keu bila kutaja neno "usafi", halafu ndipo uutafute.

fundi_fremu

Binti, njoo PM. Namjenga Keu, paa, kichwa cha samaki na mwiba. Karatasi ya wakili tuiandike kwanza, mimi nitatoa kopi... aah, kumbe kopi unatoa wewe.

Swali moja la kazi: kichwa cha samaki wa aina gani? Dagaa haonekani kwenye simu, jodari atamzidi Keu ukubwa.

binti_steshenari

Kibua. Na ule wa mama yake pia uwe mwiba wa kibua.

Sauti za mnada nitazirekodi mwenyewe kwa simu. Mwandishi_temeke, nirekodi kwa muda gani?

mwandishi_temeke

Rekodi ndefu, nusu saa bila kukata, tutachagua. Simama mbali na mashine za barafu, zinanguruma. Na ukimsikia mnadi anayepandisha bei kwa mbwembwe, mwombe ruhusa, mchukue namba, na mwambie mapema kama kuna malipo au hakuna.